Uzi, nta au nyundo: kuchagua pambo la dhahabu la Kiafrika

Weka vidani viwili juu ya kitambaa cheusi. Kimoja ni kazi ya sonara wa Senegali, kingine ni cha fundi wa Kibaule kutoka Côte d'Ivoire. Kwa mbele vyote vinaonekana vimesukwa kwa nyuzi nyembamba za dhahabu, na asiyezoea ataapa kwamba vimetoka mkono mmoja. Sasa vigeuze. Kile cha Senegali kinaonyesha nyuzi nyuma kama mbele, mwanga unapenya katikati, na ukikaza macho utaona kila uzi una mikato midogo ya kamba iliyosokotwa. Kile cha Kibaule nyuzi zake zimegandana kama tambi zilizopoa sufuriani. Huoni uzi mmoja unakoishia na mwingine unakoanzia. Dhahabu ile haikusukwa hata kidogo. Kilichosukwa ni nta, kisha dhahabu ikamiminwa mahali nta ilipokuwa.

Nimeanza na mgongo wa pambo kwa makusudi. Wengi wanaotafuta dhahabu ya jadi ya Kiafrika huchagua kwa jina la nchi, "nataka ya Ghana", "nataka ya Ethiopia", halafu wakifika nyumbani wanashangaa mbona hereni inanasa mtandio kila ikivaliwa, au mbona sonara wa mtaani amekataa kugusa kidani kilichobonyea. Majibu ya maswali hayo hayapo kwenye ramani, yapo kwenye namna pambo lilivyotengenezwa. Na kwa vito vya dhahabu vya jadi ninavyovijadili hapa, namna hizo ni tatu: ya uzi, ya nta, na ya nyundo.

Ya uzi: Senegali na Ethiopia

Kazi ya uzi, ambayo wengine huiita filigrii, huanza na dhahabu au fedha iliyoyeyushwa ikawa kijiti. Kijiti huvutwa kupitia bamba la chuma lenye matundu, kutoka tundu pana hadi jembamba, mpaka kiwe uzi kama wa kushonea. Nyuzi mbili husokotwa pamoja kisha zikalazwa bapa kidogo, na hapo ndipo inapotoka ile mikato ya kamba. Fundi hutengeneza kwanza fremu kwa uzi mnene, halafu kwa kibano hukunja vijipete na vikonokono vya uzi mwembamba na kuvipanga ndani ya fremu mpaka vibanane. Hunyunyiza lehemu iliyosagwa pamoja na boraksi, chumvi inayoisaidia lehemu kutiririka na kushika, kisha hupitisha moto. Hapa roho huwa mkononi. Lehemu huyeyuka kwa joto lililo chini kidogo tu ya lile linaloyeyusha uzi wenyewe, na akichelewa kuondoa moto kwa sekunde chache, kazi ya siku nzima inakuwa donge. Usione vyaelea.

Senegali ni mahali kazi hii ilipostawi kuliko kwingi Afrika Magharibi. Dhahabu ilitoka Bambuk, nchi iliyo kati ya mto Senegal na mto Falémé, na biashara ikapitia Saint-Louis na kisiwa cha Gorée. Huko walikuwepo wanawake wafanyabiashara walioitwa signare, ambao katika karne ya 18 na ya 19 walijulikana kwa kutoka wakiwa wamesheheni vito, na wasichana waliowafuata nyuma nao wamevikwa. Mafundi ni wa ukoo maalumu. Kwa Kiwolofu huitwa tëgg, mhunzi na sonara kwa jina moja, na kwa vizazi vingi walioana wenyewe kwa wenyewe na kurithishana kazi baba kwa mwana. Mwanamke aliyetaka pambo hakwenda kuchagua lililokwisha tengenezwa. Alimwendea tëgg wa familia yake akamweleza anachokitaka, mara nyingi akiwa amebeba pambo la zamani liyeyushwe. Ndiyo maana vito vya Senegali vya miaka mingi sana ni adimu. Dhahabu yake ipo bado, ila imebadili sura mara nne au tano.

Kiwolofu kina neno sañse, yaani kuvaa ukakamilika, kuanzia kilemba hadi viatu, kiasi kwamba mtaa unageuka. Vito vya Senegali vimebuniwa kwa ajili ya siku hiyo. Ni vikubwa, vina matuta na maua yaliyopandiana, shanga za uzi zilizo wazi ndani, vipuli vinavyoning'inia na kucheza mtu akitembea. Mwaka 2018 jumba la Smithsonian la sanaa ya Afrika mjini Washington liliandaa maonyesho mazima juu ya vito hivi, kutokana na mkusanyiko wa mtafiti Marian Ashby Johnson. Ukisoma maelezo ya vitu vya namna hiyo kwenye makumbusho, utakuta neno linalowakera wanunuzi: vingi ni fedha iliyochovywa dhahabu.

Tulia kwanza kabla hujaita feki. Dhahabu safi ina uzito wa gramu 19.3 kwa kila sentimita moja ya ujazo, fedha ina 10.5. Kidani kipana cha kifuani kikitengenezwa kwa dhahabu tupu kitakaribia mara mbili ya uzito wa kile cha fedha, na shingo ni hiyo hiyo. Fedha pia inakubali kuvutwa uzi mwembamba bila kukatika, na bei yake inamruhusu mwanamke wa kawaida kupata pambo kubwa la kazi ya mkono kamili. Kwa jadi ya Senegali, fedha ya kuchovya ni pambo halali lenye heshima yake. Ulaghai ni kuuziwa fedha hiyo kwa bei ya dhahabu.

Ethiopia nayo ina uzi, lakini tabia yake ni nyingine. Nchi hii ilijua dhahabu mapema: watawala wa Aksum, ufalme wa kale wa huko, walipiga sarafu za dhahabu tangu mwishoni mwa karne ya 3, enzi ya mfalme Endubis. Hata hivyo pambo linalojulikana zaidi leo ni msalaba wa shingoni, na kwa muda mrefu ulitengenezwa kwa fedha, nyingi ikitokana na sarafu za Maria Theresa. Hizo ni sarafu za Austria ambazo, hata zilipopigwa miaka mingi baadaye, zilibaki na mwaka 1780. Kila moja ina gramu 28 na fedha ya asilimia 83.3, kwa hiyo fundi aliyeitia kwenye moto alijua vizuri anachopata. Misalaba ya uzi wa dhahabu ilifuata njia hiyo hiyo ya ubunifu: bapa, ndani ya fremu, mikono minne inayolingana, kila pengo limejazwa vikonokono vidogo. Haina matuta ya Senegali wala haichezi ukitembea. Inalala kifuani, aghalabu kwenye mateb, ile kamba ambayo Mkristo wa Kiorthodoksi hufungwa anapobatizwa.

Jambo moja linaziunganisha nchi hizi mbili na si la kufurahisha. Sehemu kubwa ya ufundi wa chuma na fedha Ethiopia ilikuwa mikononi mwa Beta Israel, Wayahudi wa nchi hiyo, na jirani zao walionunua kazi zao waliwashuku kuwa na buda, yaani jicho baya. Huko Senegali, tëgg hakuweza kuoa binti wa ukoo wa juu. Watu walitaka kitu kilichotoka motoni, lakini aliyekitoa hawakutaka kukaa naye.

Tukiziweka pamoja: kwa sherehe, kwa mtu anayetaka kuonekana kutoka mlangoni, Senegali haina mshindani. Kwa mtu anayetaka kazi ya uzi anayoweza kuivaa kazini chini ya shati, chukua ya Ethiopia, kwa sababu ubapa na fremu yake huzilinda nyuzi za ndani. Ila kumbuka kwamba msalaba ule kwa wenyewe ni ishara ya ubatizo. Ukiuvaa kama urembo tu, jiandae kuulizwa, na ujibu kwa adabu.

Maghreb, yaani kaskazini magharibi mwa Afrika, nimeipita haraka kwa sababu uzi wa huko ni wa fedha zaidi kuliko dhahabu. Essaouira ya Morocco na kisiwa cha Djerba cha Tunisia vilisifika kwa masonara wa Kiyahudi. Mafundi wa Ath Yenni, milima ya Kabylia nchini Algeria, hutumia uzi kama kuta ndogo za kutenganisha rangi za kioo, kisha huongeza marijani. Ni vizuri sana. Lakini kama umekuja kutafuta dhahabu, utarudi na kitu kingine.

Ya nta: Asante na Baule

Hapa fundi anafanya kazi zote za vidole kabla dhahabu haijaonekana. Nta ya nyuki hufinyangwa juu ya ubao laini iwe nyuzi nyembamba mno, nyuzi hulazwa moja baada ya nyingine mpaka pambo zima limekamilika kwa nta. Hufunikwa kwa udongo laini uliochanganywa na unga wa mkaa, tabaka juu ya tabaka, na kuachiwa mfereji. Udongo ukichomwa nta inayeyuka na kutoka, dhahabu inaingia, halafu kalibu huvunjwa. Huwezi kupata pambo la pili kutoka kalibu ile ile, na dhahabu ikishindwa kufika kwenye ncha moja, kazi yote inaanza upya.

Kwa Waakan, ambao Waasante wa Ghana na Wabaule wa Côte d'Ivoire ni miongoni mwao, dhahabu ilikuwa pesa ya sokoni kabla ya kuwa pambo. Vumbi la dhahabu lilipimwa kwa mawe ya mizani ya shaba yaliyomiminwa kwa ufundi huo huo wa nta, yenye sura za samaki, ndege, viti, watu wakisalimiana. Wakati mwingine fundi hakuhangaika hata na nta: alichukua mdudu au ganda la karanga, akalifunika udongo, moto ukalila, shaba ikashika sura yake hadi mishipa.

Sababu ya pambo la Asante kuwa na uzito wa maana ni kwamba mengi yalikuwa ya kazi fulani katika jumba la mfalme. Kisahani cha kifuani kiitwacho akrafokonmu kilivaliwa na watumishi waliosafisha roho ya mfalme. Waingereza walipoiteka Kumasi mwaka 1874 waliondoka na vitu vingi vya namna hiyo, na safari ya kurudi imekuwa ndefu. Februari 2024 jumba la Fowler la Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, lilirudisha vitu 7. Miezi michache baadaye British Museum na Victoria and Albert zilipeleka vitu 32 Ghana, na hivyo ni vya kuazimwa. Mwenye mali anaazimwa mali yake, nitaacha hapo.

Kwa mnunuzi, dhahabu ya nta ina faida ambayo ya uzi haina: ni kipande kimoja. Haina mamia ya viungo vya lehemu vya kuachia. Ina nafasi chache za kunasa nywele au uzi wa nguo, hubeba kuguswa, kulaliwa, kuvutwa na mtoto. Hasara yake ni uzito, na ukweli kwamba ikivunjika haishonwi tena vizuri. Alama ya kiraka huonekana. Uso wake pia una chembechembe kidogo, hasa kwenye kona ambazo chombo cha kung'arisha hakikufika. Wengine huona ni kasoro. Mimi huona ndiyo saini yake, na pambo la "Asante" lililo laini kama kioo mpaka kwenye kona zote hunitia shaka kwamba lilitoka kwenye mashine.

Ya nyundo: hereni za Wafulani

Hizi hazina uzi wala nta. Kipande cha dhahabu hupashwa moto na kufuliwa kwa nyundo mpaka kitoe mbawa nne nyembamba, kisha husokotwa kama jani linalojikunja kwa upepo. Wafulani wa Mali huziita kwottenai kanye. Kubwa zake ni nzito kiasi kwamba sikio peke yake halizibebi. Uzi au ukanda hupita juu ya kichwa kuzishikilia, na sehemu inayogusa sikio huzungushiwa uzi mwekundu. Binti alizirithi kwa mama yake au akapewa na mume, na zilikuwa akiba kabla ya kuwa urembo. Ukame wa miaka ya 1970 na 1980 ulipoua ng'ombe, familia nyingi ziliuza.

Hapa unalipia zaidi dhahabu yenyewe kuliko saa za fundi. Kama unataka pambo ambalo ukilipeleka kwa sonara yeyote duniani litapata bei karibu na uzito wake, hili ndilo. Lakini hereni nyingi za umbo hili zinazouzwa sasa ni shaba iliyochovywa. Hakuna ubaya kuzinunua kama ni bei ya shaba, na kusema kweli masikio ya wengi wetu yatashukuru.

Vitu vinavyoamua

Usiangalie uzuri peke yake. Jiulize pambo utalivaa mara ngapi. Mara mbili tatu kwa mwaka, chukua uzi wa Senegali bila hofu. Kila siku, nta. Kama unavaa mitandio, lesi au nguo za kufuma, hereni za uzi zitakutesa; chagua kidani, kikae juu ya kitambaa kilicho laini.

Jiulize utalitengenezea wapi. Uzi ulioachia huhitaji fundi anayejua kazi ya uzi. Sonara wa kawaida akielekeza moto pale palipoachia, viungo vya jirani navyo huyeyuka, ukaenda na tatizo moja ukarudi na matano. Kama huna fundi wa namna hiyo karibu, hiyo ni sababu tosha ya kuhamia nta au nyundo, hata kama moyo uko kwenye uzi.

Halafu suala la kuuza baadaye, ambalo watu huona aibu kulitaja. Pambo la uzi likiyeyushwa hupoteza zaidi. Kazi ya mkono, ambayo ndiyo uliyoilipia, inapotea yote, na lehemu iliyojaa ndani yake huwa na karati ndogo kuliko nyuzi, kwa hiyo jumla inashuka. Ukinunua la uzi nunua kwa kuvaa, na kumwachia mtu. Ya karati 18 ina dhahabu asilimia 75, ya 21 asilimia 87.5, ya 22 karibu 91.7, kwa uzi mwembamba karati za chini kidogo hushikilia umbo vizuri zaidi, maana dhahabu safi ni laini mno.

Kupima ukweli, sumaku inakwambia machache tu, kwa sababu shaba na fedha nazo hazivutwi. Mizani na glasi ya maji vinasema zaidi. Pima pambo likiwa kavu, kisha lining'inize kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini, upime tena. Gawa uzito mkavu kwa kiasi kilichopungua. Pambo la gramu 30 likipungua hadi 28 majini, unapata 15, ambayo ni jirani ya karati 18. Likishuka hadi 27.1, unapata karibu 10.3, na hiyo ni fedha. Likishuka hadi 26.5, unaangalia shaba. Tahadhari ni moja, nayo huwapata hasa wenye vito vya uzi: mapovu ya hewa hukwama kati ya vikonokono na kulifanya pambo lionekane jepesi kuliko lilivyo. Tia tone la sabuni kwenye maji, litikise, ndipo upime. Na shanga za Kiakan zenye udongo wa kalibu uliobaki ndani zitakudanganya hata ufanyeje. Hizo zipeleke kwa mwenye jiwe la kupimia na tindikali.

Pambo la kuchovya halihitaji hesabu hizo. Angalia miinuko, pale panaposuguliwa na nguo: weupe ukichungulia, ni fedha. Lioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na brashi ya nywele laini, lianike, usilisugue kwa dawa ya meno. Weupe ukizidi, linachovywa tena na kuwa jipya, jambo ambalo ni moja ya raha za fedha ya Senegali.

Na kazi ya mashine? Siku hizi vito vya "uzi" hunakiliwa na kumiminwa kwa mamia. Linganisha vikonokono viwili vilivyo kando kwa kando. Mkono wa mtu hauwezi kukunja viwili vinavyofanana kabisa. Vikifanana mpaka kwenye kasoro, weka chini.

Ukiamua kuagiza badala ya kununua kilicho tayari, na hasa ukienda na dhahabu yako ya zamani kama walivyofanya wanawake wa Saint-Louis, ipimwe mbele yako kabla haijayeyushwa, uandikiwe gramu na karati. Uliza lehemu itakuwa ya karati ngapi. Kazi ya uzi isiyoharakishwa huchukua muda, kwa hiyo usiende wiki ya harusi. Siku ya kuchukua, pima tena, kisha omba vipande vya uzi vilivyobaki na vumbi la tupa. Ni dhahabu yako na inarudi nawe.